Uvira: Soko la umeme lilifunguliwa mwaka 2014, mbona mwekezaji hajafika Kasenga?

KASENGA, Uvira – Usiku, mtu akisimama mahali palipoinuka kidogo katika mtaa wa Kasenga na kutazama mashariki, anaona taa za Bujumbura ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Chini yake, katika barabara za mtaa wenyewe, mwanga unaoonekana mara nyingi ni ule wa simu, wa taa ndogo za betri na wa butiki yenye paneli ya jua juu ya bati. Nguzo za SNEL zipo na nyaya zipo. Kinachokosekana ni umeme wa kupita ndani yake kila siku, kwa saa zinazojulikana.

Wakaaji wa Uvira wamezoea neno delestaji kiasi kwamba halihitaji tena kuelezwa. Fundi wa kuchomelea vyuma anaamka saa nane za usiku kwa sababu ndiyo saa umeme umerudi. Mama mwenye frigo ya kuuza maji baridi na samaki hajui kama kesho atauza au atatupa. Wavuvi wanaotoka na taa zao kutafuta ndagala wanarudi asubuhi na mzigo ambao hauna chumba cha baridi cha kuupokea, kwa hiyo ndagala zinaanikwa juani. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, hasara ni ya mvuvi na ya mama muuzaji.

Haya yote yanajulikana. Jambo ambalo halizungumzwi sana mitaani ni kwamba, kisheria, SNEL si mwenye soko peke yake tangu zaidi ya miaka kumi iliyopita. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilivunja ukiritimba wake. Tangu siku hiyo kampuni yoyote yenye uwezo inaweza kuomba kuzalisha umeme, kuusafirisha, kuusambaza na kuuza katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Mlango ulifunguliwa, ila katika mji wa Uvira hakuna aliyeingia kwa ukubwa unaoweza kubadili maisha ya Kasenga.

Umeme ukikatika, maji nayo yanakatika

Kabla ya kuingia katika mambo ya sheria na mitaji, ni vizuri kukumbuka bei ya giza hili kwa Uvira. Hailipwi kwa franga peke yake.

Maji ya bomba ya mji huu yanatoka mto Mulongwe, yanasafishwa na REGIDESO, kisha yanasukumwa kwa pampu. Pampu zinataka umeme. Umeme ukikatika na mafuta ya jenereta yakakosekana, robine zinakauka, na watu wanarudi ziwani na mitoni na madumu yao. Uvira ni moja ya miji ambako kipindupindu hakiondoki kabisa: kinapungua, kinarudi.

Watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walifuatilia jambo hili mjini Uvira kwa kulinganisha siku za uzalishaji wa maji na idadi ya wagonjwa waliopokelewa katika kituo cha kutibu kipindupindu kati ya mwaka 2009 na 2014. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la PLOS Medicine. Baada ya siku moja isiyo na maji ya bomba, wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa 155% katika siku 12 zilizofuata, ukilinganisha na siku ambayo maji yalitoka ya kutosha. Karibu wagonjwa 23 kati ya kila 100 wangeweza kuhusishwa na upungufu huo wa maji.

Umeme haukuwa sababu pekee ya maji kukatika, kwani mto ukichafuka wakati wa mvua kiwanda pia kinasimama. Na Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu, ukabomoa maelfu ya nyumba na kuharibu mitambo ya maji. Ila kukatika kwa umeme ni sababu inayorudi mwaka mzima, mvua iwepo au isiwepo. Kwa hiyo swali la nani atawekeza katika umeme wa Uvira ni swali la hospitali pia.

Ngazi ya Ruzizi

Umeme wa SNEL unaofika Uvira unatoka katika mto Ruzizi, kwa nyaya zinazoshuka katika bonde. Mto huo ni kama ngazi. Unatoka ziwa Kivu, lililo kwenye mita karibu 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kuingia ziwa Tanganyika kwenye mita karibu 770. Katika safari ya kilomita 117 hivi, maji yanashuka karibu mita 700. Sehemu kubwa ya mteremko huo iko juu, kati ya Bukavu na Kamanyola, na ndiko mabwawa yalikojengwa.

Ruzizi ya kwanza ilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, Wabelgiji wakiwa bado hapa. Uwezo wake wote ni chini kidogo ya megawati 30, na inaendeshwa na SNEL. Ruzizi ya pili ilianza mwaka 1989, ina uwezo wa karibu megawati 44, nayo ni mali ya nchi tatu: Congo, Rwanda na Burundi, kupitia kampuni ya SINELAC iliyoundwa mwaka 1983 chini ya jumuiya ya CEPGL. Ukijumlisha mitambo yote miwili unapata chini ya megawati 75, na humo umo mgao wa Rwanda na wa Burundi. Kinachobaki kinagawanywa kati ya Bukavu, miji ya bonde na Uvira. Bukavu peke yake ingeweza kumeza vyote.

Mitambo yenyewe imechoka. Ruzizi ya kwanza ina zaidi ya miaka 60. Na kuna adui mwingine ambaye hakuletwa na vita wala na sheria: takataka. Chupa na mifuko ya plastiki inayotupwa Bukavu na kwingine kandokando ya ziwa Kivu inashuka na maji hadi kwenye bwawa, inaziba njia ya maji na kuharibu mitambo. Imefikia hatua ya wapiga mbizi kushuka chini ya maji kuzitoa. Kwa hiyo chupa iliyotupwa katika mfereji wa Bukavu asubuhi inaweza kuwa delestaji ya Kasenga jioni.

Wengine huuliza: kwa nini tusiletewe umeme wa Inga? Inga ya kwanza, ya mwaka 1972, ina megawati 351, na ya pili, ya mwaka 1982, ina 1,424. Ila Inga iko karibu kilomita 1,700 kutoka hapa, na hakuna waya unaoiunganisha na Kivu. Waya mrefu wa Inga ulijengwa kwenda Kolwezi, kwenye shaba. Juni 2025 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 250 za kuanzia matayarisho ya Inga ya tatu. Hata hiyo ikijengwa kesho, Uvira haimo katika njia yake.

Sheria ilisema nini

SNEL iliundwa mwaka 1970, na miaka michache baadaye ikameza kampuni zilizobaki za enzi ya ukoloni, ikiwemo ile iliyohudumia upande wetu, Forces de l'Est. Kwa miaka karibu 40 ilikuwa kila kitu: mzalishaji, msafirishaji, muuzaji, na kwa kiasi kikubwa msimamizi wake mwenyewe. Mageuzi ya mashirika ya taifa ya mwaka 2008 yaliigeuza kuwa kampuni ya hisa. Hisa zenyewe zilibaki zote mikononi mwa serikali.

Sheria ya 2014 ilitaka kubadili mambo matatu. Kwanza, wengine waruhusiwe kuingia. Pili, bei ifuate gharama ya kweli, si matamko ya kisiasa. Tatu, awepo refa asiye SNEL na asiye mwekezaji. Refa huyo ni mamlaka ya udhibiti inayoitwa ARE. Pamoja nayo iliundwa ANSER, wakala wa kupeleka umeme vijijini na pembezoni mwa miji. Miradi yenye maslahi ya taifa iliachwa kwa waziri, na ile ya jimbo ikawekwa mikononi mwa gavana.

Kwenye karatasi ni sheria nzuri. Ila hesabu miaka. Amri za kuunda ARE na ANSER zilitoka 2016. Viongozi wa ARE waliteuliwa Julai 2020, ambapo Profesa Sandrine Mubenga alipewa kazi ya mkurugenzi mkuu wa kwanza. Yaani soko lilifunguliwa mwaka 2014, refa akaingia uwanjani mwaka 2020. Mechi ya miaka sita bila refa! Katika muda huo, anayetaka kujua ni bei gani ataruhusiwa kuuza, au nani atamsikiliza akigombana na SNEL juu ya nyaya, hakuwa na ofisi ya kupiga hodi.

Sheria yenyewe ilirekebishwa Desemba 2018, kabla hata refa hajaanza kazi. Mtu mwenye pesa zake anayetafuta mahali pa kuziweka kwa miaka 20 anaona jambo kama hilo, na linamfikirisha.

Nani atalipa?

Tuseme kampuni moja inakuja Uvira leo na mpango wa kujenga kituo cha jua cha megawati chache, na nyaya zake, kuanzia Kasenga. Mkopo wake utakuwa wa dola. Wateja wake watalipa franga. Franga ikishuka, deni halishuki. Hilo ni la kwanza.

La pili ni bei. Bei za SNEL kwa nyumba za kawaida zimekaa chini kwa miaka, na mkaaji anazijua. Mgeni akija na bei inayofidia mtambo mpya, betri, nyaya na riba, itakuwa juu zaidi, pengine mara kadhaa. Mkaaji ana haki ya kulalamika, ila kuna hesabu moja ambayo familia nyingi za Uvira hazikai chini kuifanya: makala ya kupikia, betri za tochi, kuchajisha simu kwa jirani, mafuta ya jenereta ndogo. Ukivijumlisha kwa mwezi, giza si bure hata kidogo. Tofauti ni kwamba pesa hizo zinatoka kidogo kidogo, na faktire inakuja mara moja.

La tatu ni mita, ile wengi wanaiita kompteri. Wateja wengi wa SNEL kwa miaka wamelipa kiasi kimoja cha mwezi, bila kupimwa. Nyumba iliyopata umeme siku tano inalipa sawa na iliyopata siku ishirini. Nani atakubali kwa moyo kulipia siku ambazo hakuona taa? Wengine wanaacha kulipa, wengine wanajiunganisha kwa jirani au kwenye waya wa barabarani. Fundi wa mtaani anapata chake, kabini inabebeshwa mzigo usio wake, inaungua, na mtaa mzima unachangishana kununua transfo au kusubiri. SNEL imeanza kuweka mita za kulipa kabla katika miji kadhaa, na huo ndio mwanzo wa maana kuliko hotuba nyingi, kwa sababu mtu analipa kile alichotumia. Ila mita hailengi kitu kama umeme wenyewe haupo.

La nne ndilo zito kuliko yote, nalo haliwahusu watu wa Kasenga. Ni deni la serikali. Ofisi za taifa, kambi na mashirika ya umma ni wateja wakubwa wa umeme, na malipo yao yamekuwa tatizo la SNEL tangu zamani. SNEL isipolipwa, haimlipi anayemuuzia. SINELAC, ambayo inauza umeme wa Ruzizi ya pili kwa mashirika ya nchi zote tatu, imelalamika mara kwa mara kuhusu malimbikizo ya madeni. SINELAC isipolipwa, mitambo ya 1989 haipati matengenezo. Mitambo isipotengenezwa, megawati zinapungua, na zikipungua delestaji inaongezeka. Delestaji ikiongezeka, mkaaji naye hataki kulipa. Deni linashuka kama mto wenyewe, kutoka wizarani hadi kwenye frigo ya mama wa Kasenga.

Mwekezaji mwenye akili anaanzia hapo. Haulizi kwanza kama jua linawaka Uvira au kama maji yanashuka. Anauliza nani atalipa, na asipolipa, nani atamlazimisha.

Walikofika

Wawekezaji hawakuikimbia Congo yote. Walikwenda kunakojulikana mlipaji. Huko Lualaba, bwawa la Busanga, lenye megawati 240, lilijengwa kwa ajili ya shaba na kobalti ya kampuni ya Sicomines ya Wachina na Wacongo. Makampuni mengine ya madini yaliikopesha SNEL pesa za kukarabati mitambo, na yanajilipa kwa kukatwa faktire. Mgodi ni mteja mmoja anayelipa kwa dola na anayehitaji umeme usiku na mchana. Uvira haina mteja wa aina hiyo. Ilikuwa na kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilichosimama na vita vya 1996, na mipango ya kukifufua haijakirudisha kilivyokuwa.

Mfano ulio karibu zaidi ni Goma. Hapo sheria ya 2014 ilionekana ikifanya kazi. Virunga Energies ilifungua bwawa la Matebe, la megawati 13.6, mwishoni mwa 2015, kisha Luviro. Kampuni ya Nuru ilifungua mwaka 2020 kituo cha jua cha megawati 1.3. Kwa miaka michache, mkaaji wa Goma aliweza kukuta barabarani kwake nguzo za makampuni mawili au matatu. Kulikuwa na malalamiko ya bei, tena makali, na kulikuwa na ugomvi wa nguzo na mipaka ya mitaa. Hizo ndizo kesi zinazohitaji refa. Ila taa zilikuwepo.

Lakini Goma haielezwi na soko peke yake. Mabwawa ya Virunga yalisimama kwa misaada ya Umoja wa Ulaya na ya mfuko wa Mmarekani Howard Buffett, kwa sababu ya kulinda mbuga. Ukiondoa pesa za aina hiyo, hesabu ingekuwa nyingine. Kwa hiyo anayesema Uvira ifuate njia ya Goma, aseme pia nani atatoa zawadi ya kuanzia.

Ruzizi ya tatu na somo la Uganda

Mradi unaotajwa mara nyingi kuwa dawa ni Ruzizi ya tatu: megawati 206, kugawanywa sawa kwa sawa kati ya nchi tatu, yaani karibu megawati 69 kwa kila moja. Kwa Kivu Kusini hiyo ni karibu sawa na mitambo yote miwili ya sasa kabla ya kugawana na majirani. Mikataba mikuu ilitiwa saini mwaka 2019. Serikali tatu zina 30% ya kampuni, na wawekezaji binafsi 70%. Kati yao kuna IPS, kampuni ya mtandao wa Aga Khan, na mwaka 2024 TotalEnergies ya Ufaransa ilitangaza kununua nafasi ya Scatec ya Norway. Gharama inazidi dola milioni 600.

Kwa nini mradi uliozungumzwa tangu miaka ya 2000 bado haujawasha hata balbu moja? Maji hayakukosekana. Wanunuzi wa umeme huo ni mashirika matatu ya umeme ya serikali, na mkopeshaji anayajua madeni yao kwa SINELAC. Kwa hiyo kila hatua imehitaji dhamana, na kila dhamana imehitaji saini za serikali tatu ambazo kuna miaka hazisalimiani.

Majina hayo ya wawekezaji si mageni katika eneo hili. Ndiyo yaliyo nyuma ya bwawa la Bujagali nchini Uganda, megawati 250, lililofunguliwa mwaka 2012. Bujagali ilimaliza mgao mkali wa umeme, ndiyo kweli. Ila bei yake ikawa ugomvi wa kitaifa, hadi mwaka 2018 mkopo ukapangwa upya ili bei ishuke. Uganda pia ilikodisha usambazaji wake kwa kampuni ya Umeme kwa miaka 20, kuanzia 2005. Mkataba uliisha Machi 2025, serikali ikarudisha nyaya kwa shirika lake, ikalipa dola milioni 118, na Umeme ikasema inadai mamia ya milioni zaidi. Kesi ikapelekwa kwa wasuluhishi London.

Na Uganda ni nchi yenye mamlaka ya udhibiti tangu sheria ya 1999, yenye ofisi, wahasibu na wanasheria. Pamoja na hayo yote, walibishana juu ya dola ngapi zilizamishwa katika nyaya. Congo inaingia katika mikataba ya aina hiyo na refa aliyeanza kazi juzi, na ambaye mkaaji wa Uvira hajui hata mlango wake uko wapi. Mteja wa Kasenga mwenye malalamiko leo anakwenda kwa SNEL yule yule anayemlalamikia, au kwa mkubwa wa mtaa, au redioni. Refa wa Kinshasa anasikia, kama anasikia, baada ya miezi.

Vita vikaongeza swali

Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa AFC/M23. Februari ikafuata Bukavu. Serikali ya jimbo la Kivu Kusini ikahamia Uvira. Kuanzia hapo, mji unaotawaliwa na Kinshasa ukawa unategemea mitambo na ofisi zilizo katika mji unaotawaliwa na kundi jingine, huku mapigano yakipita katika bonde lile lile zinamopita nyaya. Desemba 2025, siku chache baada ya Kinshasa na Kigali kutia saini huko Washington, wapiganaji wa AFC/M23 waliingia Uvira yenyewe, kisha wakatangaza kujiondoa.

Kwa wakaaji, vita ni maiti, kukimbia na njaa, na umeme unakuja mbali baadaye katika orodha. Ila kwa habari hii kuna swali moja lisilokwepeka. Sheria inampa gavana mamlaka ya kutoa ruhusa za umeme wa jimbo. Mto uko upande mmoja, gavana upande mwingine, wanunuzi wako pande zote mbili. Ruhusa iliyosainiwa Uvira ina nguvu gani Kamanyola? Faktire inayolipwa Bukavu inatengeneza waya wa nani? Hakuna benki itakayoandika majibu ya maswali hayo katika mkataba wa miaka 20.

Kuna pia wasiokuwa na muda wa kusubiri. Paneli za jua zimejaa madukani Uvira, nyingi zikipitia njia za biashara za Bujumbura na Tanzania. Wenye uwezo kidogo wanaweka paneli mbili, betri na mashine ya kunyolea nywele, wanafungua saluni. Wenye jenereta wanauzia majirani wachache kwa saa. Mitambo midogo kabisa sheria imeiachia uhuru, na ni vizuri. Ila betri mbovu inauzwa kama mpya, waya mwembamba unavutwa juu ya mabati ya watu, bei inapangwa na mwenye jenereta, na hakuna anayekagua. Soko huria lililoahidiwa mwaka 2014 limefika Kasenga kwa namna hiyo: bila mwekezaji mkubwa, na bila refa pia.

Kilomita za mwisho

Januari 2025, katika mkutano wa Dar es Salaam, Congo iliahidi kupandisha idadi ya watu wenye umeme kutoka karibu mmoja kati ya watano hadi zaidi ya 60% ifikapo 2030. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikuwa imeidhinisha dola milioni 600 kwa mradi wa AGREE wa maji na umeme. Pesa za karatasi zipo.

Kwa Uvira, mambo matatu yanaweza kupimwa bila kusubiri amani kamili wala Ruzizi ya tatu. Je, pampu za REGIDESO zitapewa umeme wao wenyewe, wa jua na betri, usiotegemea delestaji? Je, kila mteja wa SNEL atapata mita, ili alipie alichotumia? Je, ARE itakuwa na mtu mmoja Uvira, mwenye meza na daftari la malalamiko? Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji bwawa.

Na siku Ruzizi ya tatu itakapoanza, umeme wake utafika kwanza Kamanyola, ambako kituo cha kuugawa kwa nchi tatu kimepangwa. Kutoka hapo kuna waya uliopangwa kushuka hadi Bujumbura. Kutoka kituo hicho hadi kabini za Kasenga kuna bonde zima, Luvungi, Sange, Kiliba, na kuna transfo za kununua, nguzo za kusimamisha na mita za kuweka nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo ya mwisho haimo katika mkataba wa wajenzi wa bwawa. Ni ya SNEL, au ya kampuni ambayo bado haijaomba ruhusa.